Nimekatazwa ngano maisha yangu yote, chai ya asubuhi naila na nini jamani? (Mwanza)

Binti_Buhongwa

Wakuu habari zenu, mwangaluka kwa wale wa nyumbani.

Mimi nipo Buhongwa hapa Mwanza, huu ni mwezi wa tatu tangu daktari aniambie nina seliaki na nisiguse tena ngano, yaani sio kupunguza, kuacha mazima. Kabla ya hapo nimehangaika kama miaka minne hivi, tumbo linajaa gesi, kuharisha kusikoisha, kila nikipima damu iko chini, nimemeza dawa za taifodi hata idadi sikumbuki, za minyoo, za vidonda vya tumbo, shangazi yangu akafika mahali akasema kuna mtu ananiwekea kitu kwenye chakula. Kumbe kitu kweli kilikuwepo kwenye chakula ila mwekaji ni mimi mwenyewe, chapati mbili kila asubuhi miaka yote hiyo 😂

Sasa niseme ukweli mchana na usiku sina shida. Ugali upo, wali upo, sato yupo, ndizi zipo. Shida yangu ni chai. Mimi ni mtu wa chai, chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, na chai bila kitafunwa kwangu hayo ni maji ya moto tu. Ofisini saa nne anapita dada na ndoo yake ya maandazi na chapati na hafukeki, akifungua ule mfuniko harufu inatembea mpaka kwenye meza yangu, natamani kulia. Mwanzoni nikawa nabeba viazi vitamu vya kuchemsha kila siku mpaka wenzangu wakaanza kuniita Sengerema, kule viazi vinakotoka.

Nikaenda supamaketi nikakuta biskuti zimeandikwa hazina gluteni, ile kitu ya kwenye ngano inayonidhuru, kapakiti kadogo, biskuti nane ndani, bei yake unanunua sado ya mchele na chenji unarudishiwa. Nikasema acha nijipongeze na mimi. Nimefika nyumbani nimeweka chai nimekaa vizuri nimetafuna ya kwanza, aisee ni kama natafuna boksi la viatu.

Kwahiyo naombeni msaada, kuna mtu humu anaishi na hii kitu? Mnakula nini KITAMU, sio cha kuponea. Chapati bila ngano inawezekana au nisahau? Na harusini na misibani mnafanyaje? Tafadhali msinitajie vitu vya kuagiza Marekani, mshahara wenyewe mnaujua.

Ngosha_Mbishi

Haya ndo magonjwa yaliyokuja na simu janja. Babu yangu kule Kwimba kafa na miaka tisini na kitu hajawahi kusikia hiyo gluteni. Dada kula chapati zako mshukuru Mungu.

Mtu_wa_Nansio

@Ngosha_Mbishi babu yako wa Kwimba alikuwa anakula chapati? Alikula mtama, uwele, muhogo na viazi, hiyo ngano angeipata wapi. Kwahiyo babu yako alikuwa kwenye hiyo hiyo diati ya dada bila kujua, na ndo maana kafika tisini 😂

Dada pole sana. Mimi mwenyewe niko salama ila mke wangu ana hilo tatizo mwaka wa sita huu kwahiyo nyumba nzima tumehama ngano. Nakushauri jambo moja, acha kutafuta vitu vilivyoandikwa "bila gluteni", tafuta vitu ambavyo havijawahi kuwa nayo. Wewe upo usukumani bwana, umezungukwa na michembe na matobolwa halafu unaenda kununua boksi la viatu supamaketi!

Najua utasema viazi tena. Sikiliza. Tobolwa sio kiazi cha kuchemsha. Kiazi kikishachemshwa kikakatwa kikaanikwa juani kinakuwa na utamu mwingine kabisa, kinang'ang'ania meno kama tende, ukinywa nacho chai ya maziwa unasahau hafukeki. Michembe yenyewe inaanikwa mibichi, hiyo unachemsha baadae ukitaka, sisi tunaipika na karanga zilizotwangwa, weka chumvi kidogo, hiyo ni kifungua kinywa cha mtu anayekwenda kulima mpaka saa nane. Sokoni utaipata hasa baada ya mavuno ya viazi, na wakati huo nunua nyingi uweke kwenye ndoo yenye mfuniko maana wadudu nao wanajua kitu kitamu.

Sasa hapa kuna jambo nataka usome vizuri maana lilitutesa miezi kama nane. Mke wangu aliacha kila kitu, chapati, mkate, tambi, biskuti, na bado anaumwa. Tukarudi hospitali, wanasema anadanganya anakula kwa siri. Ugomvi ndani ya nyumba, hata mimi nikaanza kumchunguza Mungu anisamehe. Kumbe ni UNGA WA UGALI. Tulikuwa tunasaga muhogo na mtama kwenye mashine ya mtaani, na mashine hiyo hiyo watu wanaleta ngano kusaga. Kinachobaki mle ndani kwenye mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa pale mdomoni kinatoka na unga wako. Wewe unaona unga wa muhogo mweupe, kumbe umebeba ngano ya aliyekutangulia. Tulipoanza kusaga kwa mtu ambaye hasagi ngano kabisa, ndani ya wiki chache mama akaanza kunenepa.

Binti_Buhongwa

@Mtu_wa_Nansio weeee!! Mimi mwenyewe kuna wiki nakuwa vizuri na kuna wiki tumbo linarudi vile vile nikawa sielewi, nasaga hapa hapa mtaani. Jamani hata ugali nao??

Bi_Mkubwa_Kirumba

Binti yangu pole, na hongera kwa kujua unachoumwa, maana wengine wanakwenda kaburini na hilo tumbo. Mimi sio mtu wa huku kwa asili, nimeolewa Kirumba toka Tanga miaka mingi, nafanya biashara ya vitafunwa, na wajukuu wangu wawili hawali ngano, kwahiyo nisikilize mimi.

Kitumbua. Kitumbua ni mchele mwanangu, hakina haja ya ngano hata chembe. Chukua mchele vikombe viwili, usiwe ule wa mpunga mpya unaonata sana, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji saga kwenye brenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, hiliki, na siri yenyewe ni kiganja kimoja cha wali uliopoa, utie usagwe humo humo, huo ndio unaofanya kitumbua kiwe laini katikati kisiwe kokoto. Saga mpaka ukipitisha kidole usisikie chenga. Tia hamira kijiko cha chai na sukari, funika saa moja mpaka uone mapovu, usikoroge tena kwa fujo, choma kwenye chuma chako moto wa wastani. Nazi huku zinatoka pwani bei juu, najua, ukikosa tia maziwa, havitakuwa sawa na vya Tanga lakini chai itashuka.

Na mkate wa kumimina ni mchele huo huo, tui na mayai, uji wake mzito kidogo, unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ukiiva kata vipande, asikwambie mtu habari ya keki.

Ila usinunue vitumbua barabarani bila kuuliza! Nawajua wenzangu, mchele ukipanda bei wanatia unga wa ngano nusu kwa nusu, kinavimba vizuri na kinabaki laini mpaka jioni. Na ukiuliza usiulize "kina ngano?" maana atakwambia hakina ili anunuliwe. Muulize "mama unavifanyaje vikawa laini hivi?" Atakwambia mwenyewe kwa majigambo.

Bagia vile vile. Bagia za dengu ni unga wa dengu, ni salama, lakini wapo wanaochanganya. Na kama unatumia mvuje, ule wa unga wa kwenye vikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, soma kwanza. Hilo nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, nilikuwa nautia miaka yote kwenye chakula cha wajukuu.

Kaka_wa_Maabara

Naongezea kidogo kitaalamu ila kwa kiswahili cha kawaida.

Gluteni ni protini iliyopo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mtu mwenye seliaki kinga ya mwili ikikutana nayo inageuka kushambulia utumbo mdogo, vile vinyweleo vya kunyonya chakula vinalala, ndo maana damu inashuka hata ukila mboga za majani debe zima maana madini ya chuma hayanyonywi. Sio aleji ya kuvimba midomo na sio gesi ya kawaida, na ndo maana kidogo tu kinatosha kuharibu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja. Sasa fikiria hiyo mashine aliyosema mkuu wa Nansio inamwaga kiasi gani.

Kuna watu humu najua mmeshaanza kujishuku. MSIACHE NGANO KABLA YA KUPIMA. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya hiyo kitu, ukiacha kula miezi kadhaa askari wanapungua na kipimo kinaweza kusema huna wakati unayo. Ukikutwa nayo kwenye damu kwa kawaida unapelekwa kuingiziwa kamera kupitia mdomoni wachukue kinyama cha utumbo. Na dada kama una watoto au ndugu wa tumbo moja waambie wapime, ndugu wa damu wana uwezekano mkubwa kuliko mtu wa pembeni.

Vitu vinavyowapiga watu hapa kwetu: unga wa lishe. Watu wanaona ni uji wa afya wanampa hadi mgonjwa, kumbe wengi wanaochanganya wanatia ngano humo pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga. Milo na Ovaltine zina shayiri. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Soseji mara nyingi zinajazwa unga. Na hili neno shayiri lenyewe ni mtego, watu wengine wanalitumia kwa oti pia, kwahiyo ukiambiwa "huu uji wa shayiri" uliza ni ipi, maana shayiri yenyewe hapana kabisa, na oti kwa asili haina tatizo kwa wengi ila huwa inalimwa na kusagwa pamoja na ngano, bila pakiti iliyoandikwa kabisa kwamba haina gluteni achana nayo.

Dawa za vidonge nazo muulize mfamasia, kuna chache zinashikizwa na wanga wa ngano.

Ngosha_Mbishi

Subiri kwanza mkuu. Umesema shayiri. Bia nayo??

Kaka_wa_Maabara

Ndiyo mkuu. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, zote shayiri.

Ngosha_Mbishi

Hili jambo ni zito kuliko nilivyodhani. Dada pole sana, toka moyoni.

Mhaya_wa_Nyakato

😂😂😂 Ngosha kaguswa penyewe. Konyagi haina shida mkuu, kilichokenekwa protini haipandi na mvuke. Na rubisi ya kwetu ni ndizi na mtama, mtama hauna gluteni, kwahiyo karibu Bukoba, na msimu wa senene ukifika tunamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi, hakuna cha ngano pale, ni protini tupu.

Dada kwa chai mimi nakupa kitu kimoja tu: ndizi mbivu za kukaanga, zile kubwa, kata mshazari, kaanga mafuta kidogo zikiungua kwa pembeni kidogo nyunyizia chumvi kwa mbali sana. Nyingine ni kaukau za muhogo ila kaanga mwenyewe maana za mtaani mafuta hayo hayo yamekaangia sambusa.

Binti_Buhongwa

Hapo kwenye mafuta umenikumbusha kitu. Mwezi uliopita nilienda na wenzangu kula samaki sehemu moja ufukweni, sitaitaja, sato wa kukaanga kaja kageuka rangi ya dhahabu, kakauka vizuri, nikala na ndimu na pilipili nikafurahi kweli. Usiku sikulala. Nimerudi kuuliza yule kijana anasema "dada tunampaka unga wa ngano kidogo asishike kikaango." Nimekula samaki wa ziwani kwa miaka thelathini sikuwahi kujua samaki anapakwa unga!

Dada_wa_Mwaloni

Sio wote, ni hao wa kwenye mahoteli na wanaotaka kupendezesha. Mimi nipo Mwaloni nauza samaki, sato akikaushwa maji vizuri, akachanjwa, akapakwa chumvi na ndimu, mafuta yakiwa yamechemka kisawasawa hashiki. Anayeshika ni mafuta ya baridi au samaki mwenye maji. Ukitaka kukata mzizi wa fitina agiza wa kuchoma au wa kuchemsha, supu ya sato na ndizi, hapo hakuna pa kuficha ngano. Au kula mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yaliyochemshwa nyanya na bilinganya, chakula cha maskini lakini tajiri akikionja anarudi na bakuli. Na dagaa usiwadharau dada, daktari wangu alimwambia mama ale dagaa kwa ajili ya mifupa.

Kuhusu harusi. Mimi nina binamu mwenye hiyo hali. Harusini mchuzi unatiwa ngano uwe mzito, rosti ile inayong'aa mashaka matupu, pilau ni afadhali kama hawajatia vile vidonge vya viungo ambavyo hujui ndani yake kuna nini. Yeye anakula kabla ya kutoka nyumbani, anafika anachukua wali mweupe, matunda na soda, anakaa mbali na meza ya mama mkwe. Misibani ni rahisi zaidi, ugali maharage, ila waambie wasikuchotee kwa upawa uliotoka kwenye sufuria nyingine. Watakusema unaringa. Watasema wiki mbili watachoka.

Mwanakwaya_Pasiansi

Habari za jioni wapendwa. Naomba niulize hapa hapa kwa kuwa nimeona mada. Mimi ni Mkatoliki na nina tatizo kama la dada, na kuna jambo nimekuwa naona aibu kuliuliza, ile hostia. Ni ngano. Nimekaa karibu mwaka siendi kupokea, watu wa jumuiya wanadhani nina dhambi kubwa.

Kaka_wa_Maabara

Pole dada. Hilo Kanisa limeshalizungumzia, kuna barua ya Vatican ya mwaka 2017 iliyokumbushia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, lazima iwe ngano, lakini ipo yenye gluteni kidogo sana ambayo inakubalika. Na kama hata hiyo kidogo inakudhuru unaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake, ni komunyo kamili. Muone paroko kabla ya misa, mweleze, na muombe kikombe chako kiwe pembeni maana kile kikubwa kipande cha hostia kinadondoshwa ndani yake.

Mwanakwaya_Pasiansi

Mungu akubariki kaka. Jumapili naenda kumuona.

Bi_Mkubwa_Kirumba

Na sisi Waislamu tusisahauliwe, Ramadhani inapokuja kalimati na tambi ndio futari ya watu wengi lakini magimbi, muhogo wa nazi, uji wa mtama na vibibi vya mchele vipo toka enzi za bibi zetu. Mwaka huu wajukuu walifuturu vibibi mwezi mzima hawakulalamika hata siku moja.

Haya nani anamjibu binti habari ya chapati? Mimi chapati za bila ngano sijaziweza.

Fundi_Keki_Mabatini

Nakuja mimi sasa. Chapati.

Dada kwanza ondoa kichwani ile chapati ya tabaka tabaka inayochambuka, ile inavutika kwa sababu ya gluteni yenyewe, hakuna unga mwingine unaovutika vile, usijidanganye. Lakini chapati laini ya kuchovya kwenye mchuzi wa maharage inawezekana na mimi natengeneza.

Unahitaji unga wa muhogo, sio udaga, udaga umevundikwa una ile harufu yake na ni mtamu kwa ugali ila kwenye chapati utajuta. Muhogo mtamu uliomenywa ukakaushwa ukasagwa. Halafu viazi lishe, vile vya njano, chemsha viwili vikubwa ponda mpaka visiwe na mabonge. Changanya kiazi na unga, chumvi, mafuta vijiko viwili, kisha maji YANAYOCHEMKA kidogo kidogo huku unakoroga na mwiko. Maji ya vugu vugu hayafanyi kazi, yale ya moto ndo yanaupika ule wanga unashikana. Ukipoa kiasi cha kuvumilia mkono kanda ukiwa bado wa moto. Usiusukume kwenye kibao utanata, weka donge katikati ya vipande viwili vya nailoni nzito ya pakiti ya sukari au ya unga, maana ile mifuko ya rambo yenyewe ilishapigwa marufuku 2019, kandamiza na sahani iwe duara, bandua nailoni ya juu, geuzia kwenye kikaango. Ndogo ndogo, saizi ya kisosi, ukifanya kubwa itakatika ukiigeuza na utanitukana mimi.

Ile ikiwa ya moto, kweli ni tamu. Ikipoa inakuwa soli. Kwahiyo usibebe ofisini, pika ule.

Cha kubeba ofisini fanya mchanganyiko huo huo ongeza yai, sukari, hiliki na beking pauda, donge liwe laini, finyanga vimviringo kaanga. Havivimbi kama andazi lakini ndani vinakuwa na rangi ya njano kama kiini cha yai, wenzako watakuja kukuomba. Na keki ya mchele na karanga ipo ila hiyo ni uzi wake peke yake.

Binti_Buhongwa

Nimerudi na ripoti.

Jumamosi nimejaribu chapati. Ya kwanza nilitumia udaga kwa ubishi kwa sababu ndo niliokuwa nao ndani, nyumba nzima ilinuka mwanangu anauliza mama kuna nini kimekufa. Ya pili nikanunua unga wa muhogo wa kawaida, maji sikuyachemsha vizuri, ikavunjika vipande vipande, tukala kama bisi. Jumapili nikafanya kama alivyosema @Fundi_Keki_Mabatini, maji yanabubujika kabisa, mkono umeungua kidogo, lakini jamaniiii. Nimekula nne. Nimekaa mlangoni na chai yangu nimekula nne kimya kimya bila kumuita mtu.

Vitumbua vya Bi Mkubwa ndo nimepeleka ofisini leo. Yule dada wa ndoo ya maandazi kaonja, akauliza navifanyaje vikawa laini, nikacheka peke yangu. Anataka nimletee hamsini kwa siku aviuze, mia tatu tatu kimoja. Sijui kama nitaweza kuamka saa kumi usiku ila hesabu nimeshaipiga.

Kilichobaki ni unga. Nimetafuta mashine isiyosaga ngano huku Buhongwa na Nyegezi sijapata, kila mwenye mashine ananiambia "dada ngano ndo inalipa".

Ngosha_Mbishi

Dada mimi huwa nabishana tu ila sio mtu mbaya. Nina mashine mbili Igoma. Na ni kweli nasaga ngano, na ni kweli sijawahi hata siku moja kufikiria hilo suala la mkuu wa Nansio, kuna mama mmoja huwa analeta mtama wa mtoto wake anayeumwa tumbo, nimekosa usingizi jana.

Mashine moja ilikuwa imelala toka mwezi wa pili mota ilikufa, nimeitengeneza. Naweza kuiacha iwe ya muhogo, mtama na mchele tu. Ila niambieni naisafishaje.

Kaka_wa_Maabara

Kufagia juu juu haitoshi mkuu. Ifungue, nyundo zote zitoke zipigwe brashi, chekeche badilisha kabisa weka mpya, ule mfuko wa kitambaa tupa nunua mwingine. Halafu saga mtama kama debe zima wa kusafishia, huo wape kuku. Na isiwe chumba kimoja na ile ya ngano, vumbi la unga linasafiri.

Ngosha_Mbishi

Debe zima kwa kuku!! Haya. Chumba kipo, kilikuwa stoo ya pamba. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi naiwasha. Ila siwezi kuwasha mota kwa sado moja ya mtu mmoja, umeme utanila, mjikusanye.

Mtu_wa_Nansio

Mimi nakuja na meli Ijumaa, natoa madebe mawili ya muhogo. Niwekee nafasi.

Mwanakwaya_Pasiansi

Mtama sado tatu.

Bi_Mkubwa_Kirumba

Mimi mchele wangu nasaga kwa brenda, ila nitaleta muhogo nusu debe wa wajukuu. Na wewe Ngosha hakikisha vijana wako hawali chapati juu ya mashine.

Binti_Buhongwa

Muhogo debe moja. Nitakuja na vitumbua vya wote, nani analeta chupa ya chai?